Foku ya bei nafuu kwenye mteremko: kuikagua, kuifungua na kuipanga

Foku ni ule uma wa mbele wa baiskeli unaoshika gurudumu na kubeba shokapu. Foku nyingi za bei nafuu hubebeshwa lawama isiyo yao. Mtu anashuka mlima, viganja vinamuwaka moto, gurudumu la mbele linadunda juu ya mizizi kana kwamba hakuna shokapu kabisa. Anazungusha kila kinobu anachokiona, haoni tofauti, basi anatangaza kuwa foku ni mbovu na anaanza kuweka akiba ya kununua nyingine. Nimezifungua foku nyingi za namna hiyo. Zilizokuwa mbovu kweli ni chache. Zilizobaki zilikuwa kavu, zimebanwa vibaya, au zina springi isiyomfaa anayeipanda baiskeli.

Foku ya gharama kubwa huizidi ya bei nafuu hasa kwa dampa na kwa usahihi wa bushi (majina haya nitayaeleza punde). Dampa ya bei nafuu ina njia chache na za kawaida tu za kupitishia oili, kwa hiyo vinobu vyake vina nguvu ndogo. Hilo hulibadilishi bila kununua vipuri. Lakini msuguano, springi, oili na hewa viko mikononi mwako, na ndivyo unavyovihisi zaidi kwenye usukani. Kwa sababu hiyo nitaenda kinyume na wanavyofanya wengi: msuguano kwanza, springi pili, vinobu mwisho.

Tukubaliane majina kabla hatujashika spana. Mabomba ya juu ni yale yanayong'aa, yanayoingia na kutoka. Miguu ni sehemu ya chini inayoshika ekseli na breki. Krauni ni kipande kinachoyakamata mabomba ya juu. Foku za mteremko mkali huwa na krauni mbili, moja juu ya shingo ya fremu na nyingine chini yake. Bushi ni pete zilizo ndani ya miguu, ambazo mabomba huteleza ndani yake. Sili ni mpira wa mdomoni mwa mguu unaofuta vumbi na kuzuia oili isitoke. Springi, ya chuma au ya hewa, mara nyingi iko mguu wa kushoto. Dampa, yaani chemba ya oili inayotuliza mwendo wa springi, mara nyingi iko mguu wa kulia.

Je, foku hii inafaa kushuka mlima?

Swali hili linatangulia mengine yote, kwa sababu linahusu usalama wa meno na mifupa yako. Foku ya mteremko ya krauni mbili kwa kawaida ina mwendo, yaani umbali inaoweza kuzama, wa milimita 200. Zile za krauni moja zinazostahimili kazi hiyo huwa na 170 au 180. Unene wa mabomba unasema mengi kuliko stika: milimita 35 hadi 40 ni umbo la kazi nzito. RockShox Boxxer ilitumia mabomba ya 35 kwa miaka mingi kabla ya kuhamia 38, na Fox 40 ilipewa jina kutokana na mabomba yake ya 40. Ukikuta mabomba ya 28 au 30, hiyo ni foku ya njia laini hata kama imechorwa milima na radi.

Angalia pia ekseli. Ya milimita 20, au ya 15, inayopita katikati ya haabu (kitovu cha gurudumu) na kuishika miguu yote miwili, ni sawa. Foku inayoshika gurudumu kwa kiwiko cha kufungua haraka chenye fimbo nyembamba isipelekwe kwenye mawe na miruko. Nyingine zina onyo kabisa, mguuni au kwenye kitabu chake, kuwa hazikutengenezwa kwa kuruka wala kwa mteremko mkali. Liheshimu onyo hilo. Krauni inayovunjika haijali umepanga springi vizuri kiasi gani.

Kama unachagua kati ya foku mpya ya daraja la chini na ya zamani ya daraja la juu kwa bei ileile, mimi huchukua ya zamani, mradi mabomba na bushi viko salama. Mashindano yalishaacha magurudumu ya inchi 26, na mwaka 2017 inchi 29 nazo ziliingia Kombe la Dunia la mteremko. Hivyo foku za inchi 26 zenye dampa za mashindano hazigombewi tena. Mwenye fremu ya inchi 26 atafute huko.

Kisha mambo ya kutoshana. Pima bomba la shingo, lile linalotoka kwenye krauni na kupita ndani ya shingo ya fremu: urefu wake baada ya kukatwa, na kama ni nyoofu au limepanuka chini. Uliza kama mtengenezaji wa fremu anaruhusu krauni mbili. Fremu isiyokusudiwa inaweza kupasuka shingoni. Na usirefushe foku ovyo. Kila milimita 10 za nyongeza huilaza shingo kwa takriban nusu digrii na kuinua mbele ya baiskeli.

Ukaguzi wa mkono

Futa mabomba ya juu kwa kitambaa safi, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka krauni hadi kwenye sili. Pitisha mbele, pitisha pembeni, na zaidi ya yote pitisha nyuma, upande ambao muuzaji haukuelekezi. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo ulio katika eneo linaloingia ndani ya sili, mkwaruzo huo utakula mpira na kuvujisha oili. Mkwaruzo mdogo wenye ukingo ulioinuka unaweza kusawazishwa kwa msasa laini sana, wa namba 2000, uliolowa oili, ukisugua ule ukingo peke yake. Lakini ukiona rangi ya bomba imelika kwa ukanda mrefu wa wima na chuma cheupe kimejitokeza, achana nayo. Bushi ndiyo iliyoila, na haitaacha.

Bushi zenyewe zinakaguliwa hivi. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, weka vidole viwili vya mkono mwingine pale sili inapokutana na bomba, nusu kwenye sili na nusu kwenye bomba. Sukuma baiskeli mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukihisi bomba linacheza ndani ya mguu, bushi zimepanuka. Mchezo mdogo mno ni wa kawaida, hata kwenye foku mpya. Ukisikia tik-tak, ni tatizo. Watu wengi huchanganya mchezo huu na beringi za shingo zilizolegea. Ili uzitofautishe, geuza gurudumu liangalie kando nyuzi 90, kisha rudia. Mlio ukibaki huku kidole kilichowekwa kwenye beringi ya chini ya shingo kikihisi mtikisiko, kosa ni la shingo.

Dampa: funga ribaundi yote (kinobu kinachopunguza kasi ya foku kurudi), bonyeza foku kwa uzito wa kifua, achia ghafla. Kisha fungua yote, rudia. Kama kasi ya kurudi ni ileile mara zote mbili, dampa imekosa oili au imekufa. Sikiliza pia; sauti ya kufyonza kidogo ni ya oili ikipita, ila sauti ya mabubujiko inayoambatana na nafasi tupu mwanzoni mwa mwendo ni hewa iliyoingia ndani ya oili.

Kama ni ya springi ya hewa, toa hewa yote na ubonyeze foku hadi mwisho ikiwa na gurudumu lako na tairi lako. Tairi lisiguse krauni wala fremu. Usilipuuze jaribio hili. Tairi likigusa krauni ukiwa kasi, gurudumu linasimama papo hapo. Kisha jaza, pima kwa rula urefu wa bomba linaloonekana, na uiache usiku kucha. Ikiwa asubuhi foku imejivuta chini yenyewe, hewa inapita kutoka chemba kuu kwenda chemba ya chini, na sili za ndani zinahitaji kubadilishwa. Sili hizo si ghali, kwa hiyo hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei, si ya kukimbia.

Mwisho, bana breki na uinamishe uzito wako kwenye usukani huku ukisikiliza krauni. Mlio wa kukwaruza kama mlango wa mbao unatoka pale bomba lilipoingizwa kwa nguvu kwenye krauni. Kwa foku ya krauni moja mara nyingi dawa ni kubadilisha krauni nzima. Ufa wowote, hata wa unene wa unywele, unamaliza mjadala.

Ekseli: adui anayejificha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza miezi mitatu. Nilikuwa na foku ya mitumba ya krauni mbili, mwendo 200, ekseli ya milimita 20 yenye bolti za kubana kila upande. Ilikuwa ngumu kwenye sentimita tatu za mwanzo, kisha ghafla inaporomoka. Nilibadilisha oili mara mbili. Nilipunguza springi. Nilifungua vinobu vyote. Ugumu haukuondoka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza pikipiki kabla hajahamia baiskeli.

"Mzee, nadhani dampa imekufa," nikamwambia.

Hakunijibu. Aliibonyeza mara moja, akaitazama, akasema, "Toa gurudumu, na ekseli yake."

Nikatoa. "Haya, bonyeza." Foku ikazama laini, kama si ile niliyoleta. "Rudisha gurudumu." Nikarudisha, nikakaza bolti zote nne kama nilivyozoea. Ikawa ngumu tena.

"Dampa haijui kama gurudumu lipo au halipo, kijana," akasema. "Wewe ndiye unayeivuta miguu."

Haabu na miguu ya foku havikuwa na upana uleule kabisa. Tofauti ilikuwa chini ya milimita moja. Nilipokaza bolti zote kwa pamoja, niliivuta miguu ikasogeleana, mabomba yakaacha kuwa sambamba, na bushi zikayang'ang'ania. Kwenye foku ya bei nafuu, ambayo bushi zake tayari hazina usahihi mkubwa, hilo linatosha kuua mwendo wote wa mwanzo.

Kwa hiyo fanya hivi kila unaporudisha gurudumu. Ingiza ekseli na uikaze kwa mkazo ulioandikwa mguuni. Kaza bolti za kubana za upande mmoja tu, ule ambao ekseli inakaa kwenye uzi au kwenye bega lake. Upande wa pili uache huru. Shusha baiskeli chini, bana breki ya mbele, bonyeza foku kwa nguvu mara kumi hivi. Mguu ulio huru utateleza juu ya ekseli na kutafuta mahali pake wenyewe. Ndipo ukaze bolti zake, moja kidogo, nyingine kidogo, kwa kupokezana. Kama ekseli yako ni ya kuzungusha isiyo na bolti za kubana, huna nafasi hiyo. Ulichonacho ni kutokaza kupita kiwango.

Krauni mbili zina kosa la namna hiyohiyo. Mabomba lazima yawe na urefu sawa juu ya krauni ya juu, pande zote mbili, na yakae ndani ya alama za chini na juu alizoweka mtengenezaji. Bolti za krauni zina mkazo wake ulioandikwa, na spana ya kupima mkazo si anasa hapa. Ukikaza kupita kiasi, bomba linaminywa likawa yai, na kilicho ndani yake, iwe pistoni ya hewa au ya dampa, kinaanza kukwama.

Kuifungua na kuipa oili

Foku ya bei nafuu, hata mpya kutoka kwenye boksi, mara nyingi huja na oili kidogo miguuni kuliko inavyotakiwa. Nimekuta mguu mpya uliokuwa mkavu kabisa, na grisi ya rangi ya maziwa imepakwa ovyo sehemu moja. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuifungua miguu kabla ya safari ya kwanza. Baada ya hapo fuata saa: RockShox, kwa mfano, huelekeza miguu ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na foku nzima kila baada ya saa 200. Kwenye matope na vumbi jingi, fanya mapema zaidi.

Andaa spana za aleni, nyundo ya plastiki au ya mpira, chombo cha kukinga oili, kitambaa kisichoacha nyuzi, pombe ya kusafishia, oili ya miguu na grisi ya shokapu. Usitumie petroli kusafisha; inaharibu mpira wa sili. Usitumie grisi nzito ya beringi. Inaganda na kuongeza msuguano uleule unaoukimbia.

Toa gurudumu. Toa kaliperi ya breki na uifunge mbali ndani ya mfuko, kwani tone moja la oili kwenye pedi litakuharibia breki. Kama ni foku ya hewa, toa hewa yote. Hesabu kliki za ribaundi kutoka ilipo hadi ifungike, ziandike, kisha chomoa kinobu chake chini ya mguu.

Legeza bolti mbili za chini ya miguu mizunguko mitatu au minne, usizitoe. Weka chombo chini. Gonga kichwa cha kila bolti kwa nyundo ya plastiki, pigo fupi lililonyooka, mpaka kichwa kirudi kukaa kwenye mguu. Maana yake fimbo ya ndani imeachia. Sasa toa bolti kabisa, shika miguu kwa mikono miwili na uivute chini sawasawa.

Itazame oili inayotoka, kwa sababu inakueleza historia. Ya kijivu kama majivu imebeba unga wa bushi na rangi ya mabomba. Yenye weupe wa ukungu imeingiliwa na maji, mara nyingi kwa sababu ya kuoshwa kwa maji ya presha yaliyoelekezwa kwenye sili. Kama haitoki hata tone, umeshajua kwa nini mikono ilikuwa inauma.

Safisha ndani ya miguu kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti cha plastiki au cha mbao, kamwe si bisibisi tupu. Toa pete za sponji zilizo chini ya midomo ya sili, zioshe, zikamue, zilowekwe kwenye oili mpya hadi zishibe, kisha zirudishe. Paka grisi kidogo kwa kidole kwenye mdomo wa ndani wa sili.

Kabla ya kufunga, kuna jaribio ninalolipenda sana. Ingiza miguu juu ya mabomba bila oili ya chini, bila bolti, ekseli ikiwa ndani na imekazwa kama nilivyoeleza. Inua miguu hadi katikati, kisha iachie. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama, bado kuna kinachoivuta: ekseli, bushi zilizobana mno, au sili kavu. Tafuta sasa, maana ukishafunga utakisahau.

Halafu laza baiskeli, ingiza miguu nusu, mimina oili kupitia matundu ya bolti kwa sindano ya plastiki. Kiasi hutofautiana kwa kila foku na hata kwa kila mguu, kwa hiyo fuata kitabu cha modeli yako. Sukuma miguu hadi juu, rudisha bolti zikiwa na washa mpya, kaza kwa mkazo ulioandikwa. Rudisha kinobu na kliki ulizoandika.

Foku nyingi zikifika hapa huwa nyingine kabisa, na bado hujagusa mpangilio wowote.

Springi

Vaa kila unachovaa ukiendesha: kofia, magoti, viatu, mfuko wa maji kama unabeba. Zungusha kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye bomba la juu, isibane. Fungua kompresheni yote (kinobu kinachopunguza kasi ya foku kuzama). Mtu akushikie baiskeli kwa nyuma, nawe usimame juu ya pedali kwa mkao wa kushuka, viwiko vimefunguka, uzito umegawanyika. Ukikaa kwenye kiti utadanganywa, maana mlimani hukai. Foku izame, sogeza kamba hadi kwenye sili, shuka taratibu, pima.

Kuzama huko, ambako nitakuita mzamo, anza nako kwenye asilimia 20. Kwa mwendo wa milimita 200 ni milimita 40. Kwa 180 ni 36. Ukubali chochote kati ya asilimia 15 na 25. Kwenye njia zenye mteremko wa kusimama, ambako mwili wote umeangukia mbele, napenda kuwa karibu na 15.

Springi ya chuma ina ukweli mmoja ambao wauzaji hawausemi vya kutosha. Kile kinobu cha juu kinachoibana springi hakiifanyi iwe ngumu zaidi. Kinaipandisha tu pale inapoanzia. Kama unahitaji kukizungusha hadi mwisho ndipo mzamo uwe sahihi, springi ni laini kwako, nayo itagonga mwisho kwenye kila mruko. Kama kimelegezwa kabisa na bado foku haizami, ni ngumu kwako. Tafuta springi ya uzito wako. Hakuna kipuri kingine chenye faida kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo.

Ya hewa ni rahisi zaidi, ila ina utaratibu wake. Jaza kwa pampu ya shokapu ukifuata jedwali la uzito lililobandikwa mguuni. Kisha ibonyeze taratibu mara kumi, ili hewa igawanyike kati ya chemba ya juu na ya chini, halafu soma tena kipimo; kitakuwa kimeshuka, ongeza. Ukichomoa pampu utasikia mfyonzo mfupi. Hiyo ni hewa ya mrija wa pampu, siyo ya foku. Ukiirudisha pampu kupima, foku inaujaza mrija na kipimo kinasoma chini kidogo. Usijaze tena kwa wasiwasi.

Mzamo ukiwa sawa lakini foku inagonga mwisho kwa kishindo, usiongeze hewa. Utaharibu mwanzo wa mwendo ili kuokoa mwisho wake. Ongeza kipande kimoja cha plastiki cha kupunguza nafasi ndani ya chemba, kama foku yako inavipokea: hewa ikiwa na nafasi ndogo hupanda ugumu haraka inapokaribia mwisho. Kinyume chake, kama kamba ya plastiki haijawahi kufika karibu na mwisho hata kwenye siku yako mbaya kuliko zote, toa kimoja. Foku za chuma za zamani zenye oili inayoogelea wazi ndani ya mguu zina njia yao ya kufanya hivyo: kuinua kiwango cha oili kidogo kidogo, milimita 5 kwa mara moja, kunapunguza hewa iliyobaki juu yake. Ukizidisha sana, foku haitamaliza mwendo wake tena na presha itasukuma sili.

Ribaundi na kompresheni

Ribaundi ni kasi ya foku kurudi. Pata mahali pa kuanzia kwenye ngazi fupi au ukingo wa barabara: shuka ukiwa umesimama na utazame mbele ya baiskeli. Irudi, ivuke kidogo, itulie. Ikidunda mara ya pili, ina kasi mno. Funga kliki moja. Ikirudi kwa uvivu kama mtu anayeamka, fungua. Mzunguko wa saa kwa kawaida ni kupunguza kasi. Hesabu kila mara kutoka kwenye kufungika kabisa, vinginevyo wiki ijayo hutajua ulikuwa wapi. Ukibadilisha springi au presha, rudi uipange upya, maana springi ngumu inasukuma kwa nguvu zaidi.

Kosa ninaloliona zaidi ni ribaundi ya polepole mno. Uani inahisi tulivu. Kwenye mfululizo wa mizizi kila kipigo kinaikuta foku haijarudi kutoka kwenye kipigo kilichopita. Inazidi kuzama, inasimama chini na kuwa kama chuma kitupu. Mwendeshaji anahisi ugumu, anapunguza hewa, na tatizo linakua.

Kompresheni ya foku ya bei nafuu, mimi huiacha wazi kabisa mwanzoni na kuiongeza kliki mbili mbili ikiwa tu foku inazama sana ninapobana breki. Angalia usidanganyike na swichi ya kufungia foku isisogee. Hiyo ni ya kupandia, na kuiacha nusu kwenye mteremko kunaweza kuiumiza dampa. Kama hakuna kinobu cha kompresheni kabisa, oili nzito kidogo ndani ya dampa ya oili wazi itasaidia, ila kumbuka inapunguza kasi ya ribaundi pia. Na namba za unene zilizo kwenye chupa hazilingani kati ya watengenezaji. Linganisha kipimo cha sentistoksi kwenye nyuzi joto 40.

Kwenye njia

Chagua kipande kifupi unachokijua, cha dakika moja au mbili, chenye mizizi, kona moja ya kubana na mahali pa kufunga breki kwa nguvu. Weka presha ya matairi ileile siku nzima, kwa sababu tairi linaweza kuficha kila unachokitafuta. Badilisha kitu kimoja tu kila mshuko, na mwanzoni badilisha kwa kiasi kikubwa: ribaundi kliki nne wazi, kisha kliki nne za kufunga. Tofauti kubwa mwili unaitambua. Ukishajua upande upi ni mzuri, ndipo upunguze hatua hadi mbili, hadi moja. Andika papo hapo, ukiwa bado unahema.

Mbele ikiteleza kona huku foku imesimama juu, punguza hewa kidogo au fungua kompresheni. Ikizama kwenye breki na usukani ukaangukia mbele, ongeza kompresheni, kisha hewa. Ikikurusha baada ya kutua, funga ribaundi. Mikono ikiuma kwenye vijiwe vidogo hali mzamo ni sawa, fungua ribaundi kliki mbili, na isipobadilika rudi kwenye ekseli kabla hujagusa kingine chochote.

Ukianza siku chini na kupanda juu sana mlimani, hewa iliyofungiwa miguuni hubaki na presha kubwa kuliko ya nje, na foku inakakamaa mwisho wa mwendo. Baadhi ya foku zina vitufe nyuma ya miguu vya kuitoa. Kwa nyingine zote, pitisha kipande chembamba cha plastiki chenye ncha ya mviringo chini ya mdomo wa sili, taratibu, hadi isikike ikitoka. Isiwe chuma.

Baada ya siku ya kwanza, kagua tena bolti za krauni na ekseli kwa spana ya kupima mkazo. Futa mabomba, na utazame pete ya oili iliyobaki juu yake. Utando mwembamba sawasawa pande zote ni dalili njema. Michirizi upande mmoja peke yake ina maana bomba halijakaa sambamba, na kazi inaanzia tena kwenye bolti za kubana ekseli.